Insafu katika Mali ya Umma

Imesimuliwa katika tarehe ya Makhalifa kwamba Sayyidna Abu Bakr, alipogawa mali ya Baitulmali, aliwapa watu sawasawa, aliyetangulia katika dini na aliyekuja nyuma. Na kwamba Sayyidna Umar, aliyemfuata, hakuona kuwa ni haki kuwaweka daraja moja waliopigana pamoja na Mtume na wale waliopigana naye kabla ya kusilimu, akaandikisha daftari na kuwapa watu mafungu yaliyopitana. Wote wawili walikuwa waadilifu, na wote wawili walitaka kila mtu apate haki yake. Walichohitilafiana ni kipimo cha hiyo haki. Mas'ala hayo hayajaisha, na leo yamo katika zabuni za serikali.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 227, yaamuru ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na wa gharama nafuu; kisha ibara iyo hiyo yaruhusu waliodhulumiwa na ubaguzi, au na ushindani usio wa haki, watengewe fungu lao. Kwa msingi huo serikali iliagiza mwaka 2013 kwamba asilimia 30 ya zabuni ziwe za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, mpango ujulikanao kwa jina la AGPO, na sheria ya mwaka 2015 ikautilia nguvu.

Wapo wasemao kwamba huu ni upendeleo, na kwamba aliyetaja bei ndogo ndiye apewe, awe nani awaye. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwani fedha ni ya mlipa kodi, naye ana haki ya kupata dawati imara shuleni. Lakini bei ndogo nayo ina asili yake: ni ya yule aliyerithi shamba, akaweka hati yake rehani benki, akanunua lori, na mabinti wangapi katika nchi hii walirithi shamba? Sayyidna Umar alitazama nyuma ili ajue nani alitoa. Sheria hii yatazama nyuma ili ijue nani alinyimwa. Mimi naiona kuwa ni haki, ijapokuwa wako matajiri waandikao kampuni kwa majina ya wake zao na wapwa zao, na hao dawa yao ni mahakama.

Jambo linisumbualo zaidi ni malipo. Mwanamke aliyeshinda zabuni ya kupeleka unga na maharagwe katika shule ya bweni hana budi anunue kwanza, kwa fedha yake au ya mkopo, apeleke, apokewe, ndipo aketi kungojea. Na Kenya nzima yajua jinsi madeni ya serikali kuu na ya kaunti yalimbikizanavyo, hata imekuwa desturi ya magavana wapya kuunda kamati za kuhakiki upya madeni waliyoyarithi. Mkandarasi mkubwa, mwenye akiba na benki imwaminiyo, aweza kungoja mwaka na zaidi. Kikundi cha akina mama hakiwezi kungoja hata miezi mitatu, kwa kuwa riba haingoji (na riba, kwa Mwislamu wa Pwani, ni balaa juu ya balaa). Hapo utaona ajabu: serikali imewachelewesha wote sawasawa, haikumbagua mtu, na kumbe kucheleweshwa huko sawasawa ndiko kunakomwangamiza mmoja na kumwacha mwenzake mzima. Mtume (s.a.w.) alikwisha kukuita dhulma kule mwenye uwezo kuchelewesha deni; nami sijui ni mwenye uwezo gani aipitaye Hazina.

Kwa hiyo anayetaka insafu asiridhike na hesabu ya zabuni zilizogawanywa, wala asifurahishwe na vyeti vilivyotolewa. Taasisi za umma hutakiwa kuipelekea mamlaka inayosimamia ununuzi taarifa za zabuni zilizotolewa kwa makundi haya. Na zilazimishwe kuandika, mbele ya kila zabuni, tarehe zilipopokea bidhaa na tarehe zilipolipa, na taarifa hiyo isomwe hadharani.