Alama Tatu za Rangi

Hapa Singe, Babati, bia nyeusi ikiwekwa mezani huhukumiwa kabla ya kufunguliwa. Huyu atasema ni kali, yule atasema inaongeza damu, mwingine atasema hiyo ni ya wazee. Hakuna aliyeionja. Rangi ndiyo iliyotoa ushahidi wote.

Nayo rangi ni shahidi asiyeaminika. Porta, bia ya Kiingereza iliyopendwa na wapagazi wa London katika karne ya 18, weusi wake unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa, wala hauhusiani na ukali. Porta ya namna hiyo kwa kawaida ina kilevi cha asilimia 4 hadi 5.4. Bia ya Safari, ambayo hakuna anayeiogopa hapa mtaani, ina 5.5. Na kuhusu damu, chuma kilichomo kwenye glasi ni kidogo mno. Mzazi anayehitaji damu ni heri apakuliwe mbaazi.

Mpango wa kuthibitisha majaji wa bia ulioanzishwa Marekani mwaka 1985 hutoa alama 50. Harufu ina 12, ladha 20, namna kinywaji kinavyokaa mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Rangi, povu na ung'avu, vyote pamoja, vimepewa 3. Ninaupenda mgawanyo huo. Jicho limepewa haki yake, kisha likaambiwa likae pembeni.

Basi inua glasi uielekeze dirishani. Katikati ni kahawia nzito, lakini ukingoni, pale kinywaji kinapokuwa chembamba, kuna wekundu wa chai ya rangi iliyokolea. Nusa kabla povu halijatulia: mkate uliookwa, kakao, karanga, sukari iliyoanza kuungua. Ukipata harufu ya karatasi iliyolowa, hewa imeingia au bia imezeeka. Ukipata siagi nyingi, huenda hamira haikuachwa imalize kazi yake. Na isiwe imetoka kwenye barafu. Nyuzi 10 hadi 13 zinatosha, kama ubaridi wa alfajiri ya Julai hapa Babati; ikiwa baridi kuliko hapo ulimi unakufa ganzi.

Kazi ngumu inakuja baada ya kumeza. Mimi napenda wanzuki, napenda utamu wa asali. Lakini nikiinyima porta alama kwa sababu si tamu kama wanzuki, nimemdhulumu aliyeipika, maana hakukusudia kupika wanzuki. Swali la haki ni moja: alitaka kufika wapi, na amefika?

Wazee wetu wanaokaa kwenye pombe ya mtama wanalijua hilo bila karatasi ya alama. Mama muuzaji hunywa kwanza yeye mwenyewe mbele ya mgeni, kuonyesha kwamba hana la kuficha. Kisha kata inazunguka, na maneno yanatoka: kimea hakikuota sawasawa, moto ulizidi, hii ingengoja hadi kesho. Kila kasoro inatajwa pamoja na chanzo chake. Mtu anayesema "mbaya" na kusukuma kikombe hajamwachia mama yule kitu cha kurekebisha, na mimi simhesabu kuwa ameonja.

Porta ya karibuni kuletwa mbele yangu ilipikwa nyumbani na mtu ninayemheshimu sana. Tangu Daniel Wheeler alipopata hataza ya kikaango chake cha shayiri mwaka 1817, kiasi kidogo tu cha shayiri nyeusi kinatosha kutia rangi pipa zima, na hapo ndipo mkono huteleza. Harufu niliipa 8, mwonekano zote 3, ladha 12, mdomoni 3, maoni ya jumla 7. Zote pamoja ni 33. Nilitamani kuandika 40, kwa heshima yake. Chini ya karatasi nikamwandikia kwamba kakao imetokea vizuri, ila mwishoni kuna uchungu wa majivu unaoifunika, na kwamba akipika tena apunguze shayiri nyeusi, hata kama glasi itaonekana nyepesi.