Mstari wa Mwisho wa Andalio la Somo



Chini kabisa ya andalio la somo kuna sehemu ndogo ambapo mwalimu hujitathmini: somo limekwendaje, nani hakuelewa, kesho arekebishe nini. Sisi tunaosomea ualimu hapa Mbale, katika chuo kinachoandaa walimu tangu 1988, tunaijua vizuri. Tunajua pia kwamba wapo wanaoijaza usiku, kabla ya kuingia darasani: "Wanafunzi wameelewa." Je, huo ni uongo, au ni karatasi tu?

Wanaoitetea desturi hii wana hoja. Msimamizi huja bila taarifa na hutaka faili lililojaa. Madarasa nayo yamefurika tangu elimu ya msingi bila ada ilipoanza 1997, kisha ya sekondari 2007. Nani atamfuatilia kila mtoto?

Lakini tutazame kinachotokea. Nilipokuwa Jinja kwa mazoezi ya kufundisha, niliuliza darasa, "Mmeelewa?" Wote wakaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Nikamwomba msichana mmoja amweleze jirani yake kwa Lusoga. Akanyamaza, akainamisha kichwa. "Ndiyo" yake ilikuwa heshima kwa mwalimu, haikuwa dalili ya kuelewa. Aliyekwisha kuandika "wameelewa" hana sababu ya kuuliza swali la pili. Kwa hiyo anayedhulumiwa na mstari ule ni mtoto zaidi kuliko msimamizi.

Tuikumbuke hadithi ya Abu Hurayra kuhusu mtu aliyeswali kwa haraka msikitini. Mtume (s.a.w.) alimrudisha akaswali tena, mara tatu, na kila alipokuja kusalimia alimwitikia salamu yake. Mwishowe mtu yule mwenyewe akasema hajui zaidi ya hapo, akaomba afundishwe. Ndipo akaelezwa hatua kwa hatua, na utulivu katika kila hatua. Mtume alitazama kwanza, akasubiri, kisha akafundisha kile hasa kilichokosekana. Wala hakumvunjia mtu yule heshima.

Kwa maoni yangu, mstari ule ni ushahidi, na ushahidi hauandikwi kabla ya tukio. Wingi wa wanafunzi unatupa udhuru wa kutomfikia kila mmoja. Hautupi ruhusa ya kushuhudia tusichokiona. Basi tuache nafasi ile wazi mpaka kengele ilie. Kisha tuandike jina la mmoja tu ambaye hakuelewa, na tutakachomfanyia kesho. Huenda msimamizi akatupunguzia alama kwa kukiri kwamba somo halikufika. Tuzikubali. Alama hizo zitasahaulika baada ya mahafali, lakini mtoto aliyeachwa nyuma ni amana tutakayoulizwa.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa na ulimi wa kweli. Amin.