Baraza Lisilokufa na Deni Lake

Watu wakigombea uongozi wa chuo kikuu cha zamani, twazoea kuuliza ni nani mwenye haki ya kutawala: Serikali, au wale wachache waliokabidhiwa hati yake. Swali hilo ni kubwa, nasi hatulidharau. Lakini liko jingine nyuma yake, ambalo wagombezi wote hupenda kulipita kimya: baraza la chuo likisha kuthibitishwa kitini, linadaiwa nini, na ni nani anayelidai?

Tuchukue mfano wa Dartmouth, chuo cha watu binafsi kilichoko Hanover, katika jimbo la New Hampshire huko Marekani. Hati yake ilitolewa tarehe 13 Desemba 1769 kwa jina la Mfalme George III wa Uingereza, na chuo kikawekwa mikononi mwa wadhamini 12. Hao ndio waliopewa muhuri, ardhi, fedha, na uwezo wa kuajiri na kufukuza. Mmoja wao akifa au akijiuzulu, waliobaki humchagua wa kushika nafasi yake. Faida hawagawani, wala hakuna mwenye hisa. Wadhamini hubadilika, baraza hubaki. Na mbele ya sheria baraza hilo ni kama mtu mmoja asiyekufa.

Mwaka 1815 wadhamini walimwondoa mkuu wa chuo, John Wheelock, mwana wa mwanzilishi Eleazar Wheelock. Ugomvi ukaingia katika siasa za jimbo, na mwaka uliofuata Bunge la New Hampshire likapitisha sheria ya kukigeuza chuo: jina jipya, wadhamini 21 badala ya 12, na juu yao waangalizi 25. Wadhamini wa zamani wakakataa. Ikawa kijiji kimoja kina vyuo viwili, na muhuri pamoja na vitabu vya hesabu vimeshikwa na William Woodward, katibu na mtunza hazina, aliyeuandama upande wa Serikali. Ndiye aliyeshtakiwa. Mahakama ya jimbo iliipa Serikali ushindi. Kesi ikapelekwa Mahakama ya Juu ya Marekani, ambako wakili Daniel Webster, aliyesoma Dartmouth ujanani mwake, aliwatetea wadhamini. Na Februari 1819 Jaji Mkuu John Marshall akatoa hukumu kwamba hati ile ni mkataba, na Katiba haimruhusu mtawala wa jimbo lo lote kuuvunja mkataba. Wadhamini wakarudishiwa chuo chao.

Waliokuwa upande wa Serikali hawakuwa wajinga. Walisema kwamba chuo hufundisha vijana wa umma, basi haifai kiwe chini ya watu kumi na wawili wanaochaguana wenyewe kwa wenyewe, wasioulizwa na mtu. Hata hivyo twaona mahakama ilihukumu kwa haki. Mtawala akiweza kulibadili baraza kila achukizwapo nalo, ni nani atakayetoa mali yake kwa kazi inayopita maisha yake? Shule, hospitali na nyumba ya yatima zitaishi kwa hisani ya uchaguzi ujao. Tena Marshall alitoa sababu inayostahili kukumbukwa: wafadhili wamekwisha kufa, hawawezi kujitetea, basi baraza linasimama mahali pao.

Sababu hiyo iliwatetea wadhamini, na papo hapo iliwashtaki. Maana yatupasa kuuliza wafadhili hao walitoa kwa ajili ya nani.

Eleazar Wheelock, mchungaji wa Kiprotestanti, alikuwa na shule huko Connecticut ya kuwafundisha watoto wa wenyeji wa asili wa Marekani, wale waliozoea kuitwa Wahindi Wekundu. Mwanafunzi wake aliyesifika kuliko wote alikuwa Samson Occom wa kabila la Wamohegan, ambaye mwenyewe akawa mchungaji. Kati ya mwaka 1766 na 1768 Occom alizunguka Uingereza na Scotland, akahubiri zaidi ya mara 300, akachangisha paundi 12,000 hivi, mali nyingi mno kwa siku zile. Mfalme mwenyewe alitoa paundi 200. Watu wale walifungua mifuko yao wakimtazama yeye aliyesimama mbele yao, na walitoa kwa ajili ya watoto wa watu wake. Wheelock alikuwa ameahidi kuwatunza mke wa Occom na watoto wake. Baba aliporudi aliwakuta katika dhiki. Kisha Wheelock akaihamishia kazi yake New Hampshire, akafungua chuo ambacho wanafunzi wake wengi walikuwa vijana wa Kizungu. Mwaka 1771 Occom alimwandikia kwa uchungu, akacheza na Kilatini alichokuwa amefundishwa na mwalimu huyo huyo: alihofu kwamba chuo, badala ya kuwa ‘alma mater’, yaani mama mlishaji, kitakuwa ‘alba mater’, mama mweupe, mweupe mno hata asiweze kuwanyonyesha watoto wa rangi yake.

Wala hati haikuwa na fumbo. Katika kutaja watakaofundishwa, inawataja kwanza vijana wa makabila ya wenyeji. Vijana wa Kiingereza na wengineo wanakuja mwishoni. Katika kesi ile mashuhuri Serikali ilikuwa na mawakili, na wadhamini walikuwa na mawakili. Wale waliochangiwa fedha hawakuwa na wakili.

Mtu atatujibu kwamba Occom alikufa mwaka 1792, na kwamba fedha zake zilikwisha kutumiwa kabla wadhamini wa mwaka 1819 hawajaketi barazani. Kwa nini asiyekopa alipe? Jibu hilo ni zito, na kama tungekuwa tunasema juu ya hatia ya moyo, tungelikubali. Hatia ya moyo hairithiwi. Deni ni jambo jingine. Kwetu, siku ya kumaliza matanga, wazee huuliza hadharani ni nani anayemdai marehemu, nao hufanya hivyo kabla mali haijagawanywa. Mrithi hawezi kulichukua shamba akaliacha deni lizikwe na mwenyewe. Sasa itakuwaje kwa baraza, ambalo halikufa hata likarithiwa? Wadhamini walishinda kwa kusema kwamba wao ni mtu yule yule tangu mwaka 1769. Haiwezekani wawe mtu yule yule mbele ya Bunge, kisha wawe wageni mbele ya Occom. Nasi tuliofundishwa amri ya saba twajua kwamba haitukatazi kuiba tu. Yatudai na kurudisha.

Chuo kimetoa mahakimu, waganga na walimu wengi, na hilo hatulikatai. Lakini katika miaka yake 200 ya kwanza wenyeji wa asili waliohitimu hapo hawakufika 20. Mwaka 1970 mkuu mpya, John Kemeny, aliahidi kulirudia kusudi la kwanza, na tangu hapo wamesoma zaidi ya 1,000. Kemeny alizaliwa Budapest. Hakuwa na babu ye yote katika habari hii, wala hakuona kwamba ugeni wake ulimwondolea wajibu wa kiti alichokikalia.

Ugomvi wa viti haukukoma. Wahitimu, ambao tangu mwaka 1891 walikuwa na sauti ya kupendekeza nusu hivi ya wadhamini, walikwenda mahakamani mwaka 2007 baraza lilipoongeza viti 8 visivyo vyao, na mwaka uliofuata wakaiondoa kesi. Yaonekana hesabu ya viti haijapata kukosa mtetezi katika chuo kile.

Mwaka 2022 Dartmouth iliwarudishia Wamohegan karatasi za Samson Occom: barua zake, shajara zake na hotuba zake. Zimerudi Connecticut, katika nchi ya kabila lake. Watoto wa Wamohegan waliokuwa na umri wa kusoma mwaka 1771, wengi wao walizeeka wakafa bila kuuona mlango wa chuo kile.