Kasoro Isiyo na Mkosaji

Studio nyingi za muziki katika miji kama Ifakara ni chumba kimoja: trei za mayai ukutani, kompyuta, kipaza sauti, na spika mbili mezani zinazomtazama prodyuza usoni. Humo hupita kwaya za parokia, kaswida za madrasa, singeli za vijana na matangazo ya wafanyabiashara wa mchele. Spika hizo mbili ni mizani ya duka. Zikidanganya, kila kinachotoka humo hutoka na uongo wake, na mwenye wimbo huja kuugundua siku anapousikia kwenye redio ya gari la mtu.

Tuseme basi kwamba spika mpya zimefika kwa basi kutoka Kariakoo. Boksi limefunguliwa, nyaya zimechomekwa, na ya kushoto inavuma hata kabla wimbo haujawekwa. Baada ya siku chache twita yake, kile kipaza kidogo cha sauti za juu, inanyamaza kabisa. Muuzaji hakujua, kwa sababu boksi liliondoka kwake likiwa na gundi ya kiwandani. Kiwanda nacho hakikukusudia. Kinatoa spika kwa maelfu na kinajua fika kwamba chache zitatoka mbovu, ila hakijui ni zipi. Mnunuzi amelipa fedha halali na hakugusa kitu kisichopaswa kuguswa. Kasoro ipo, mkosaji hayupo. Nani anadaiwa?

Watu hulichukulia swali hili kama suala la risiti. Kumbe ni la zamani kuliko risiti, na limewahi kuwashughulisha watu wazito. Mwaka 1274 alifariki huko Italia Thomas wa Akwino, mwanateolojia ambaye Kanisa Katoliki limemfanya mwalimu wake mkuu. Miaka 3 baadaye, mwaka 1277, alifariki Imamu Nawawi katika kijiji chake cha Nawa, nchini Syria, akiwa ameacha kitabu cha Minhaj, ambacho kwa karne nyingi kimekuwa nguzo ya fikihi ya Kishafii, Zanzibar na pwani yetu yote ikiwemo. Hawakukutana. Lakini katika bonde la Kilombero, ilipo Ifakara, ambako watawa Wakapuchini wa Uswisi walirithi misheni miaka ya 1920 na ambako Waislamu na Wakristo wanauziana mchele kila siku, urithi wa wote wawili umekaa mtaa mmoja. Na juu ya bidhaa mbovu wanakaribiana kuliko mtu angetarajia.

Thomas aliligusa jambo hili katika sehemu ya kitabu chake kikuu inayohusu udanganyifu katika kuuza na kununua. Muuzaji aliyejua kasoro na akanyamaza ametenda dhambi. Hilo halihitaji mwanateolojia. Muuzaji asiyejua hana dhambi. Ila siku atakapojua, anapaswa kumfidia mnunuzi. Thomas haishii hapo: anamgeukia mnunuzi na kumbebesha mzigo uleule. Aliyenunua kitu kwa bei ya shaba kumbe ni dhahabu, na muuzaji hakujua, naye ana deni. Kwa mantiki hiyo, fundi aliyeletewa spika mbili badala ya moja kwa makosa ya stoo hana ruhusa ya kusema Mungu amemkumbuka.

Wanafikihi wanaufikia mlango huohuo kwa njia yao. Mnunuzi aliyekuta kasoro ya zamani ana hiari: abaki na bidhaa kwa bei ileile, au airudishe achukue fedha yake. Hiari hiyo haisubiri ithibitishwe kwamba muuzaji alikuwa mwongo. Deni hapa linatembea peke yake, hatia imebaki nyumbani. Huo ndio mgawanyo ambao maduka mengi yetu hayajaukubali. Mteja anaporudi na spika iliyokufa, mwenye duka husikia anaitwa tapeli, naye hujibu kama mtu aliyeshtakiwa: umeifungua wewe, umeiunguza wewe, umeme wenu huko shamba. Mabishano yote yanahusu heshima, na spika imekaa kaunta haina wa kuisemea.

Kuna kisa ambacho Imamu Malik alikipokea katika Muwatta. Abdullah bin Umar, mtu ambaye uaminifu wake haukuwa na shaka, alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800, kwa sharti kwamba hatawajibika kwa kasoro yoyote. Mnunuzi akarudi akisema mtumwa yule ana ugonjwa ambao hakuambiwa. Shauri likafika kwa Khalifa Uthman. Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipomuuza hakuwa na habari ya ugonjwa wowote. Ibn Umar akakataa kuapa, akampokea mtumwa. Baadaye mtumwa akapona, akauzwa kwa dirhamu 1,500.

Inaumiza kwamba bidhaa katika kisa hiki ni binadamu, na msomaji wa leo ana haki ya kusimama hapo kabla ya kuendelea. Lakini hukumu yenyewe inafundisha. Sharti la kujivua wajibu, lililowekwa na mtu mwadilifu tena mbele ya mnunuzi aliyelikubali, halikutosha kufunga shauri. Wanazuoni wa Kishafii walikuja kulibana zaidi: sharti la namna hiyo linaweza kumwokoa muuzaji kwa ugonjwa wa ndani wa kiumbe hai ambao hakuujua, kwa sababu kiumbe hai hubadilika na maradhi yake hujificha. Kwa bidhaa nyingine halimwokoi.

Sasa linganisha na kibao kinachoning'inia nyuma ya kaunta katika maduka mengi ya vifaa vya umeme: mali ikishauzwa hairudishwi. Kibao hicho kinadai zaidi ya alichodai Ibn Umar, na hakina hata kiapo. Sheria za nchi nazo hazikiungi mkono kama wenye maduka wanavyodhani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kwa Waingereza, inachukulia kwamba bidhaa ya mfanyabiashara ina ubora wa kufaa kuuzwa, hata kama jambo hilo halikutamkwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyozaa Tume ya Ushindani, ina sehemu nzima juu ya masharti yanayohesabiwa kuwemo katika mkataba wa mlaji, yaandikwe yasiandikwe.

Mpaka hapa mnunuzi anatabasamu. Asiharakishe.

Kwanza, kasoro ni nini? Mwaka 1978 kampuni ya Yamaha ilitoa spika ya NS-10, iliyokusudiwa kusikilizia muziki nyumbani. Wasikilizaji wa nyumbani hawakuipenda; ilikuwa kali, yenye besi chache. Mafundi wa studio wakaichukua, wengine wakiibandika karatasi laini ya chooni mbele ya twita ili kupunguza makali, na ikageuka kuwa spika iliyoonekana karibu kila studio kubwa duniani hadi uzalishaji wake uliposimama mwaka 2001. Kilichoitwa ubovu sebuleni kiliitwa ukweli studioni: spika isiyopendeza humlazimisha fundi kuutengeneza wimbo mpaka upendeze. Ndiyo maana wanafikihi huipima kasoro kwa desturi ya wafanyabiashara wa bidhaa husika na kwa kazi iliyokusudiwa. Prodyuza anayelalamika kwamba monita zake mpya, yaani spika za studio, hazina besi kama sabufa ya baa hana kesi. Anayesikia mvumo ambao mwenzake mwenye spika za aina hiyohiyo hausikii, anayo.

Pili, kasoro ni ya nani? Hapa maadili yanahitaji ufundi kidogo. Badilisha nyaya: wa kushoto upeleke kulia, wa kulia kushoto. Mvumo ukihamia spika ya pili, spika haina hatia, tatizo liko kwenye waya au kwenye kadi ya sauti. Ukibaki palepale, mtuhumiwa amepatikana. Jaribio hilo ni la dakika mbili, na mtu anayepiga simu Kariakoo kufoka kabla ya kulifanya ameanza kudhulumu kabla hajadhulumiwa.

Kisha kuna umeme. Bonde la Kilombero lina jambo la kuchekesha: bwawa la Kidatu, linalozalisha megawati 204, liko mlangoni mwake, na Kihansi yenye megawati 180 iko upande wa Mlimba, lakini mafundi wa bonde hilohilo wananunua stebilaiza kwa sababu umeme unapanda na kushuka. Monita za kisasa zina amplifaya ndani yake. Umeme ukiruka, kinachoungua ni bodi iliyo tumboni mwa spika, na waranti nyingi huitenga ajali ya namna hiyo waziwazi. Je, twita ilikufa kwa udhaifu iliozaliwa nao au kwa umeme wa Jumanne usiku? Fikihi ya Kishafii ina jibu lisilompendeza mteja: wakibishana kama kasoro ni ya kale au imeingia mikononi mwa mnunuzi, na yote mawili yawezekana, kauli ya muuzaji hupokelewa, lakini kwa kiapo. Kiapo ndicho kinachokosekana Kariakoo. Muuzaji siku hizi hupewa imani ile bila kudaiwa gharama yake.

Mnunuzi pia ana mipaka ya muda. Nawawi anamtaka aanze kuirudisha bidhaa mara tu anapogundua kasoro, lakini kwa kadiri ya desturi za watu: kama alikuwa anaswali amalize, kama alikuwa anakula amalize, kama ni usiku asubiri kuche. Ni maelekezo ya mtu anayewajua binadamu. Asichoruhusiwa ni kuendelea kuitumia kana kwamba ameridhika. Kwa hiyo anayegundua mvumo Jumatatu, akamaliza kurekodi albamu nzima ya kwaya kwa spika hizohizo, kisha akazifunga boksini mwezi ujao kudai mpya, ameshakula hiari yake. Na aliyemwita fundi wa redio aifungue ameongeza kasoro juu ya kasoro. Hapo hawezi tena kumlazimisha muuzaji kuipokea, kinachobaki ni kudai fidia ya tofauti ya thamani.

Ukisoma waranti ya kisasa ukiwa na haya kichwani, unaona kitu kimehamishwa kimyakimya. Katika hiari ya kasoro, mwenye kuchagua ni mnunuzi, na anachoweza kudai ni fedha yake. Katika waranti, mwenye kuchagua mara nyingi ni kampuni: itengeneze, au ibadilishe, na fedha ikae pale ilipo. Ubadilishaji huo unawezekana kwa sababu viwanda vimefanya vitu vifanane. Ibn Umar hakuwa na mtumwa wa pili mwenye namba ya toleo ileile. Lakini kufanana huko kuna ukomo. Monita hufanya kazi kwa jozi. Spika mpya ikiwekwa kando ya ile iliyokwishafanya kazi miezi minane, au ikitoka toleo lililobadilishwa kidogo, katikati ya muziki hukosa kutulia, na sikio lililofundishwa husikia. Kampuni imelipa deni lake kwa maandishi, na mteja bado ana spika mbili zisizo pacha.

Kilombero imewahi kuonja shida hii kwa kipimo kikubwa zaidi. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa mwaka 1976. Inapita Mang'ula, Ifakara na Mbingu, kisha baada ya Mlimba inaanza kupanda milima kuelekea Makambako. Injini za awali zilikuwa za dizeli na haidroliki, zilizotengenezwa China. Milima hiyo iliziumbua: nguvu zilikuwa ndogo kwa mizigo iliyokusudiwa, na zilipata moto kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika lilileta injini za dizeli na umeme kutoka kiwanda cha Krupp cha Ujerumani.

Utamrudishia nani injini uliyopewa na rafiki? Bidhaa ilikuja pamoja na udugu, mafundi walioishi kambini, na makaburi ya waliofia kazini. Haki ya mnunuzi katika hali hiyo huona haya. Nchi zenye reli hiyo zilikuwa na deni la shukrani na malalamiko ya kiufundi kwa wakati mmoja, na kwa maoni ya mwandishi huyu hilo si ukosefu wa adabu. Zawadi haifuti kasoro. Wala kasoro haifuti zawadi. Vijana wanaonunua vifaa kwa mjomba aliyeko Dubai, visivyo na risiti wala waranti inayotambulika hapa nchini, wanaijua aibu hiyo vizuri sana.

Kinachobaki ni barabara, na hapa mababu wa hekima wanatuacha kidogo. Soko lao lilikuwa la uso kwa uso, muuzaji akipatikana kesho palepale. Kutoka Ifakara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400, na kipande cha Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, kwa miaka mingi kilikuwa vumbi kiangazi na matope masika. Utaratibu uliozoeleka ni mteja kugharamia kupeleka, kampuni kugharamia kurudisha. Kwa mtu wa Sinza, humohumo Dar es Salaam, hiyo ni nauli ya bodaboda. Kwa mtu wa Mlimba ni mzigo wa basi, hatari ya boksi kutupwa kwenye buti, na wiki kadhaa bila kazi, ambazo hakuna waranti inayozihesabu. Bei waliyolipa ni moja, waranti waliyonunua si moja.

Duka linalouza kwa simu na kupeleka kwa basi linajua mzigo unaenda wapi. Haliwezi kuzuia kiwanda kukosea, lakini vifaa vya elektroniki vyenye udhaifu wa kuzaliwa mara nyingi huufichua mapema, katika saa na siku za kwanza za kuwashwa. Kulifungua boksi mbele ya kamera ya simu, kuziwasha spika zote mbili kwa saa moja, kumtumia mteja video kisha kufunga upya kungewapunguzia wote wawili safari na matusi, na gharama yake ni umeme wa saa moja wa Kariakoo na kijana mmoja wa duka aliyekaa akisikiliza.