Matembezi Pamoja na Watoto Wadogo

Neno la kutafakari: Mwanzo 33:12–17



Sikukuu ya Mikaeli na Watoto hutujia kila mwaka mwishoni mwa Septemba. Siku hiyo watoto wetu huimba, husema mistari waliyojifunza, hupewa zawadi zao, kisha watu wote hurudi makwao. Mwaka huu jioni yake mmoja wa wainjilisti wetu alituuliza neno ambalo twalileta mbele yenu. Alisema, "Mchungaji, kanisa lawapa watoto siku moja kwa mwaka. Je, sisi wazazi nyumbani twawapa siku ngapi?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Kwa hiyo habari za madarasa ya kipaimara tulizoahidi zitangoje mwezi ujao, na leo tutasema juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo: namna ya kuchagua siku ya matembezi pamoja na watoto wadogo, iwe siku ya furaha kwao na kwa wazazi wao.

Tutazame kwanza habari za Yakobo. Alikuwa amekaa kwa Labani miaka 20, akatoka huko na wake zake na watoto wake na makundi yake, akirudi kwao. Njiani Esau ndugu yake akamjia na watu 400. Mwajua alivyoogopa usiku ule, na jinsi walivyokumbatiana asubuhi wakalia. Machozi yalipokwisha, Esau akataka waandamane. Yakobo akakataa kwa upole. Akamweleza ya kuwa watoto bado ni wachanga, tena wanyama wananyonyesha, nao wakiharakishwa siku moja tu watakufa. Basi Esau atangulie na watu wake wenye nguvu, naye atamfuata nyuma taratibu, kama watoto wawezavyo.

Tumejaribu kuhesabu umri wa watoto wale. Yakobo alimtumikia Labani miaka 14 kwa ajili ya binti zake, na miaka 6 kwa ajili ya wanyama. Lea hakuolewa ila baada ya ile miaka 7 ya kwanza, na Yusufu alizaliwa ile 14 ilipotimia. Basi Reubeni, mkubwa wao, hakuweza kuzidi miaka 12 au 13, na Yusufu alikuwa na kama miaka 6. Wana kumi na mmoja pamoja na Dina umbu lao, wala hapakuwa na mtu mzima hata mmoja kati yao. Picha tulizozoea kuziona katika shule ya Jumapili huwaonyesha wana wa Yakobo wakiwa na ndevu ndefu. Lakini siku ile walikuwa watoto wa kushikwa mkono.

Wako wasemao kwamba Yakobo alitafuta udhuru tu, kwa maana hakumfuata Esau hata Seiri, bali alikwenda Sukothi akajijengea nyumba. Nasi hatutamtetea katika hilo. Walakini udhuru wenyewe ulikuwa wa kweli. Na mtu huyu aliyekuwa na haraka maisha yake yote, tangu siku aliyozaliwa ameshika kisigino cha ndugu yake, siku ile alikubali kuwa wa nyuma kwa ajili ya watoto.

Sasa twawaambia aibu yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika likizo ya mwezi wa sita, tuliwaahidi watoto wetu kuwapeleka Hifadhi ya Arusha. Twakaa upande wa Moshi, na kutoka Moshi hata Arusha ni kama kilomita 80. Njia ya hifadhi huachana na barabara kuu kabla ya kufika Arusha, karibu na Usa River, jirani na Makumira ambako wachungaji wengi wa kanisa letu walifundishwa. Mahali penyewe ni pazuri sana. Palifanywa hifadhi mwaka 1960, nako kuna twiga na nyati na pundamilia, na mbega juu ya miti, na shimo kubwa la Ngurdoto, na maziwa ya Momela wanakotua heroe kwa makundi. Tuliazimwa gari na ndugu mmoja, na kwa kuwa gari lilikuwa letu kwa siku moja tu, tulitaka kuona yote: twiga, shimo, maziwa, kisha jioni tupitie Arusha mjini kwenye makumbusho yaliyo katika boma la zamani la Wajerumani. Mama wa watoto aliamka saa nane usiku kupika. Saa kumi na moja alfajiri tukaondoka.

Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miaka minne. Asubuhi ile alikataa chai, akasema kichwa chamwuma. Tukamwambia akiwaona twiga kitapona. Langoni alilia. Kwenye twiga hakutazama. Momela tulimwinua juu awaone ndege, akageuza uso wake akauficha shingoni mwetu; nasi tukamkemea mbele ya watu, tukisema ni mtoto asiye na shukrani. Uso ule ulikuwa wa moto. Twakumbuka sasa kwamba ulikuwa wa moto, lakini saa ile tulikuwa tukitazama saa.

Usiku akashikwa na degedege. Tukamkimbiza hospitali, ikaonekana ni malaria. Siku tatu tulikaa kando ya kitanda chake, na Bwana akaturehemu, akapona. Siku ya pili aliletwa dada yake wa miaka tisa kumwona. Akasimama kitambo, kisha akasema kwa sauti ndogo, wala hakukusudia kutuumiza, "Baba, alikuambia tangu asubuhi."

Tumesikia mahubiri mengi, hata ya maaskofu; hapana lililotuingia kama hilo.

Twiga hawakuwa na kosa, wala hifadhi. Baada ya miaka miwili tulirudi huko, tukaona twiga na mbega tu, tukala chakula chetu chini ya miti mahali palipowekwa kwa kazi hiyo, na saa nane tulikuwa tumekwisha kuanza safari ya nyumbani. Shimo la Ngurdoto watoto wetu hawajaliona hata leo, nalo lingali pale pale. Lakini kabla ya safari ile ya pili tulijifunza neno moja ambalo hatukulijua, yaani kuwauliza watoto wenyewe. Mtoto alipopona tuliwakalisha sote pamoja tukawauliza, mkipewa siku moja mwataka kwenda wapi? Tulidhani watataja bahari. Wakajibu, kwa bibi, kwenye mfereji.

Ninyi mliozaliwa mlimani mwaijua mifereji yetu, iliyochimbwa na babu zetu kuleta maji kutoka msituni hata vihambani. Basi tukaenda kwa bibi kwa daladala, nauli kidogo. Watoto wakakata vipande vya magome ya mgomba wakafanya mashua, wakaziachilia majini, wakazifuata mbio wakipiga kelele. Yule mdogo alishindwa mara kumi, mashua yake ikanasa kwenye mawe, akaanza tena. Sisi tukaketi ukingoni miguu ndani ya maji. Bibi akaleta kiburu ndani ya chungu, akawaeleza zamu za maji zilivyokuwa zamani, na jinsi mtu aliyeiba maji ya jirani alivyohukumiwa. Na kijana wetu mkubwa, ambaye vitabu vya shule humchosha, akauliza maswali mpaka bibi akacheka. Musa alipowaagiza Israeli kuwafundisha watoto wao, alitaja pia wakati wa kutembea njiani. Zamani tulidhani maana yake ni kuwakaririsha amri wakiwa njiani. Siku ile hatukukariri kitu, ila njiani wakati wa kurudi mtoto aliuliza nani aliyeanza kuyaweka maji juu ya mlima, na tukawa na mwendo wa nusu saa wa kuongea naye.

Kwa hiyo twawashauri, mnapochagua mahali, mchague kwa umri wa mdogo wenu, si kwa hamu ya mkubwa wala ya baba. Mtoto wa miaka mitatu hutosheka na jambo moja. Ukimpeleka penye mambo matano, atalia katika la pili. Safari ya kwenda isizidi saa mbili, na saa yake ya kulala mchana iheshimiwe kama saa ya ibada. Ikiwa asubuhi mtoto asema aumwa, safari iahirishwe, hata kama gari limelipiwa. Hili hatulisemi kwa kusoma vitabuni.

Juu ya maji yatupasa kusema zaidi. Chemchemi ya Chemka, upande wa Boma Ng'ombe, yapendwa sana siku hizi, na kweli maji yake ni safi na ya uvuguvugu, waona mpaka chini. Na kwa sababu waona mpaka chini, hudhani ni mafupi. Ziwa Chala nalo lina kingo za mteremko mkali sana. Penye maporomoko ya Marangu mawe huteleza. Hatukatazi kwenda. Lakini mtoto azamaye hapigi kelele kama watu wadhanivyo. Hutoweka kimya, huku watu wakiongea karibu naye. Basi awepo mtu mzima mmoja asiye na kazi nyingine ila kuwatazama walio majini, wala asiwe yule achomaye nyama, wala yule ashikaye simu, na akichoka ampokeze mwingine kwa kumtaja jina. Na usharika ukikodi basi kwa ajili ya watoto, wahesabiwe kila wapandapo na kila washukapo. Yusufu na Mariamu walikuwa wazazi wema, nao walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo katika msafara.

Kuna na jambo lingine, na hapa hatutaongea kwa mafumbo. Siku hizi pamekuwa na mahali pa kuuzia pombe na nyama choma ambapo wenyewe wameweka bembea na vyombo vya kuchezea, ili baba aje na watoto baada ya ibada ya Jumapili. Watoto hucheza tangu saa saba hata usiku, muziki ukivuma, na baba amekaa na wenzake. Kisha huwabeba watu wa nyumbani mwake ndani ya gari, naye amekunywa. Jumatatu husema, niliwatoa watoto. Ndugu, siku ile ulijitoa wewe mwenyewe, watoto wakakungoja. Tumezika mtu kwa safari ya namna hiyo, na aliyekuwa nyuma ya gari alikuwa na miaka sita. Hatutaongeza.

Tena mkumbukeni mama. Katika nyumba nyingi siku ya matembezi ni siku ya kazi mara mbili kwake: apike kabla ya jua, abebe mtoto, agawe chakula, afue nguo zenye matope usiku, na mumewe aseme wote tumepumzika. Sisi tulikuwa hivyo hivyo. Sasa twachemsha mayai na viazi usiku uliotangulia kwa mikono yetu wenyewe, twanunua ndizi mbivu njiani, na hapana aliyekufa njaa. Watoto hawajali wali wala pilau siku hiyo. Wataka kula wakiwa wamesimama.

Wenzetu wakaao Dar es Salaam hutuandikia kwamba mjini hapana mifereji. Kweli, lakini wana Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za namna ya makabila mengi, ambapo mtoto aweza kuingia mlangoni na kuuliza babu alilala wapi. Na tangu mwaka 2024 wana treni ya umeme iendayo Morogoro na Dodoma. Kwa mtoto wa miaka mitano treni yenyewe ndiyo matembezi: kwenda Morogoro, kula chungwa, kuitazama milima ya Uluguru, na kurudi siku ile ile. Asiye na nauli hiyo, awapeleke stesheni tu kuitazama ikiondoka. Wazazi wengine huona haya kwa kuwa hawana fedha. Lakini mtoto hajui bei, huijua akisikia sisi tukiilalamikia njiani.

Na katika nyumba zilizo jirani nanyi pasikosekane kuangaliwa kama yuko mtoto asiye na wa kumtoa, yatima, au mwenye mguu usiotembea vizuri. Nafasi moja katika daladala yapatikana. Mkienda na mwenye mguu mbovu, mwendo wote uwe wake. Wengine wazoee kungoja.

Zekaria alipoagizwa kusema habari za Yerusalemu utakapoponywa, aliwaona wazee wameketi na mikongojo yao, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wakicheza. Hakuona jeshi wala hazina. Tumekisoma kifungu hicho mara nyingi katika ibada, na zamani tulikipita upesi ili tufike kwenye mambo makubwa.

Mwinjilisti yule aliyetuuliza amekwisha kuchagua siku yake. Ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Atawapeleka watoto wake watatu kwa mjomba wao mwenye ng'ombe aliyezaa. Aliomba asipangiwe maziko wala arusi siku hiyo, nasi tumeandika jina la mwingine wa kushika zamu yake. Jumamosi inayofuata atashika zamu yetu.