Kufuta Jina la Mtu

Je, kufuta jina la mtu ni kumkana? Swali hili lilinijia mbele ya kompyuta, lakini lingeweza kumjia yeyote mwenye daftari la anwani na umri mkubwa.

Mwanzoni mwa 2017 Microsoft iliacha kuihudumia programu ya barua pepe iitwayo Windows Live Mail, nami nikahamia Thunderbird. Orodha yangu ya zamani ya anwani nikaja nayo, ikakaa kando ya ile mpya. Kila nilipoandika herufi mbili tatu za jina, programu ilinipendekezea anwani zote: inayotumika, na iliyokwisha kuachwa. Humo walikuwamo marehemu. Mmoja ni mwalimu mwenzangu wa chuoni. Jina lake likijitokeza, nilihisi kwamba kulifuta ni kumzika mara ya pili.

Leo nafikiri vingine. Shuleni tulikuwa na rejista mbili. Katika rejista ya uandikishaji, mtoto akihama au akifariki, jina lake halifutwi. Huandikwa tarehe na sababu ya kuondoka. Huo ni ushahidi kwamba alikuwapo. Rejista ya mahudhurio ni chombo cha kazi: kila mwaka huanzishwa upya, wala mwalimu haiti jina la asiyekuwamo darasani. Orodha ya anwani ni ya aina hii ya pili. Anwani iliyoachwa haimhifadhi mwenyewe. Yaweza kupeleka siri ya aliye hai mikononi mwa mtu mwingine.

Kwa hiyo ni halali kuifuta. Kitufe kimoja huiondoa orodha nzima, na barua zenyewe hubaki salama. Lakini urahisi huo hautuondolei wajibu. Naona ni adabu kupitia jina moja moja kwanza: aliye hai aulizwe anwani yake ya sasa; marehemu aandikwe kwa kalamu katika daftari la kudumu, pamoja na mwaka aliofariki.

Ndivyo nilivyofanya, kisha nikampigia simu mjane wa yule mwenzangu. Tulizungumza kwa muda mrefu, akanipa habari za wajukuu. Orodha ingeweza kulitunza jina la mumewe miaka mingine ishirini bila kumjulia hali mama yule hata siku moja.

Kumkumbuka mtu ni kazi yetu sisi, na mashine haiwezi kutufanyia.