Kishona-nguo na Kosa la Ndugu

Hapa Mbuji mbwa atokaye katika mashamba ya ngoro hurudi na mbegu za kishona-nguo manyoyani mwake. Kila mbegu ina miiba miwili au mitatu yenye vijino. Ukiivuta kwa nguvu, mbwa hulia. Basi twazitoa moja moja, kwa upole. Lakini tukizitupa mlangoni, mvua ikinyesha zitaota, na mbwa yule yule atazichukua tena. Yafaa kuzitia motoni.

Ndivyo lilivyo kosa la ndugu. Wagalatia 6:1 yatuagiza kumrejeza kwa upole. Tukiisha kumrejeza, kisha tukalisimulia kosa lake kisimani, tumelipanda kijijini. Je, kunyamaza si kuficha uovu? Sivyo. Afichaye huiacha mbegu manyoyani. Sisi tumekwisha kuitoa. Yaliyosamehewa na yateketee.